Je, Mgonjwa Afichwe Khabari ya Maradhi Yake?

Suali hili limekuwa likiulizwa mara nyingi mabarazani, na wanaouliza si wajinga wala si watu wasio na huruma. Wao husema hivi: Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alipatwa na saratani ya damu, ile iliyo kali. Akatibiwa, maradhi yakatulia, akarudi dukani kwake, watu wakamshukuru Mungu. Baada ya miezi kumi maradhi yakarejea. Daktari akawaita ndugu zake kando akawapa hesabu: katika watu mia waliorejewa na maradhi ya namna hii, wanaofika miaka mitano hawatimii kumi. Ndugu wakatoka wakaafikiana wasimwambie. Wakamwendea kitandani wakamwambia, "Ni damu tu imepungua, utaongezwa dawa na utapona." Kisha wakamchagulia wao tiba gani apewe. Je, hao walifanya wema au walidhulumu?

Twasema walidhulumu, ingawa nia yao ilikuwa njema. Walakini bayana ya neno hili haitafahamika mpaka msomaji ajue kwanza maradhi haya ni nini, na hesabu ile yatoka wapi. Kwani watu wengi huiogopa hesabu bila ya kuijua, na wengine huidharau bila ya kuijua, na wote wawili ni sawa.

Jua ya kwamba damu yote ya mwanadamu hufanywa ndani ya mifupa, katika uboho. Huko huzaliwa chembe nyekundu zinazochukua hewa mwilini, na chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo zinazogandisha damu mtu anapojikata. Kila chembe huzaliwa changa, ikakua, ikafanya kazi yake, ikafa. Katika lukemia kali chembe changa nyeupe hukataa kukua na hukataa kufa; kazi yake ni kuzaana tu, hata zikaujaza uboho na zile nyingine zikakosa mahali. Ndipo mgonjwa akaishiwa na damu, akatokwa na damu ufizini, akashikwa na homa baada ya homa. Jina la lukemia alilitia tabibu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, mwaka 1847, kwa maneno ya Kiyunani ambayo maana yake ni damu nyeupe. Nayo ina aina mbili kubwa. Moja ni ya mailoidi, ambayo aghalabu huwapata watu wazima. Na ya pili ni ya limfoidi, ambayo aghalabu huwapata watoto, lakini haiwaachi wakubwa, na inapowapata wakubwa huwa ngumu zaidi.

Dawa zake za kwanza ni sumu zinazoua chembe mbovu pamoja na nzuri. Zile changa zikipungua katika uboho zikawa chini ya 5 katika kila 100, na damu ikarudi hali yake, madaktari husema maradhi yametulia. Liangalie sana neno hilo. Hawakusema mtu amepona. Wamesema moto hauonekani, na huenda likawamo kaa chini ya jivu. Na yakirejea, chembe zinazorejea ni zile zilizosalimika na dawa ya kwanza, na kwa hivyo dawa ile ile mara ya pili haina nguvu kama ya mara ya kwanza. Hii ndiyo sababu kurejea kwa maradhi haya ni jambo jingine kabisa, si kuanza upya.

Jambo hili lilijulikana tangu siku ya kwanza ilipopatikana dawa. Mwaka 1948, huko Boston katika Marekani, Sidney Farber na wenziwe walitoa khabari ya watoto 16 waliotiwa dawa iitwayo aminopterini, na 10 miongoni mwao walipata nafuu iliyo dhahiri. Kabla ya hapo haikuwako dawa iliyoweza hata hivyo. Mtu angedhani wangelitangaza kuwa wameshinda. Lakini katika anwani yenyewe ya makala yao waliandika kwamba nafuu hizo ni za muda tu, na kweli maradhi yaliwarudia watoto wale. Nalitaja hili kwa kuwa watu hudhani kusema kweli juu ya maradhi haya ni kuvunja moyo. Na hali elimu yote ya kuyatibu ilianza kwa watu waliosema kweli namna hiyo.

Baada ya hapo yalikuja mambo makubwa. Huko Seattle, E. Donnall Thomas na wenziwe walichukua uboho wa ndugu mzima wakautia katika mwili wa mgonjwa, baada ya kuuangamiza uboho mbovu kwa dawa na kwa miali. Mwaka 1977 walitoa khabari ya watu 100, wakubwa kwa wadogo, ambao dawa za desturi zilikuwa zimekwisha kuwashinda. Katika hao 100, watu 13 walikuwa hai bila ya maradhi, baada ya muda wa mwaka mmoja hadi miaka minne na nusu. Wengine ama maradhi yaliwarejea, ama waliuawa na madhara ya tiba yenyewe. Mwaka 1990 Thomas alishirikishwa katika tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sasa tafakari, ewe msomaji: hao 13 ni wengi au ni wachache? Kwa yule aliyekuwa akingoja kufa bila ya shaka, 13 ni wengi mno. Kwa yule ambaye angependa kufia nyumbani kwake, akakubali kulazwa majuma mengi mbali na watoto wake kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa ni 13, hao ni wachache mno. Hesabu ni moja, na mizani ni mbili.

Na hesabu za watu wazima waliorejewa ni hizi. Mwaka 2007 zilitolewa khabari za watu wazima 609 wa Uingereza na Marekani waliorejewa na lukemia ya limfoidi: waliofika miaka mitano baada ya kurejewa walikuwa 7 katika kila 100. Wale ambao maradhi yao yalikuwa yametulia zaidi ya miaka miwili kabla ya kurejea, walikuwa 11. Na wale ambao hayakutimiza miaka miwili, walikuwa 5. Na mwaka 2005 matabibu wa Uholanzi na wenzi wao walitazama watu 667 waliorejewa na lukemia ya mailoidi, wakawagawa kwa mambo manne: maradhi yalitulia muda gani, umri wa mgonjwa, sura ya nyuzi za urithi ndani ya chembe mbovu, na kama alikwisha kupandikizwa uboho hapo awali. Wakaonekana makundi matatu. Kundi la kwanza, waliofika miaka mitano ni 46 katika 100. La pili 18. Na la tatu 4. Na kundi hilo la tatu ndilo lenye watu wengi, yapata theluthi mbili ya wote.

Basi mtu akisema, "Aliyerejewa na saratani ya damu hana lake," amesema uwongo juu ya wale 46. Na akisema, "Zipo dawa, atapona," amesema uwongo juu ya wale wa kundi la tatu. Daktari aliyewapa ndugu hesabu moja tu, bila ya kuwaambia mgonjwa wao yumo katika kundi lipi, hakuwapa khabari, aliwapa khofu.

Tena iko aina moja ya mailoidi, iitwayo ya promailositi, ambayo imekwenda kinyume cha nyingine zote. Hii zamani ilikuwa miongoni mwa zinazoua upesi kabisa, kwa kutoa damu. Matabibu wa China walijaribu kuitibu kwa aseniki, sumu ile ile inayojulikana tangu kale kwa kuua watu. Mwaka 1998 matabibu wa New York nao walitoa khabari ya wagonjwa 12 waliorejewa na aina hiyo, wakatiwa aseniki. 11 kati yao maradhi yalitulia kabisa. Leo hata aliyerejewa na aina hii ana tamaa kubwa ya kupona. Kwa hivyo watu wawili waweza kulala katika chumba kimoja, wote wameambiwa jina moja la lukemia kali iliyorejea, na mmoja ana njia pana mbele yake na mwenziwe ana njia nyembamba kama uzi. Kuwaficha wote wawili kwa maneno yale yale, "utapona inshallah," ni kumdhulumu kila mmoja kwa namna yake: wa kwanza umemnyima furaha ya haki, wa pili umemnyima nafasi ya kujitayarisha.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Katika miaka hii zimetoka dawa mpya, nazo si uwongo. Mwaka 2017 ilitolewa khabari ya watu wazima 405 ambao limfoidi yao ilirejea au ilikataa dawa. Waliopewa dawa za desturi, nusu yao walikuwa wamekufa ilipotimia miezi minne. Waliopewa dawa mpya iitwayo blinatumomabu, nusu ile ilifikiwa baada ya miezi 7.7. Vilevile mwaka 2018 matabibu wa New York walieleza khabari ya watu wazima 53 ambao chembe zao wenyewe za kinga zilitolewa, zikafundishwa nje ya mwili kuwinda chembe mbovu, zikarudishwa. Katika 100, 83 maradhi yao yalitulia. Jambo la ajabu. Na bado nusu ya watu hao hawakupita miezi 13. Wapo waliopita mbali sana, lakini wengi maradhi yaliwarejea tena.

Miezi ile mitatu na ushei baina ya dawa ya desturi na dawa mpya ina thamani gani? Hili ni suali ambalo tabibu hawezi kulijibu, hata awe mjuzi kiasi gani, wala ndugu hawezi. Mtu ana binti ambaye nikaha yake imepangwa baada ya Mfunguo Sita. Miezi mitatu kwake ni kumuoza bintiye kwa mkono wake. Mtu mwingine ana deni ambalo hakuna alijualo ila yeye na mdai wake. Siku tatu zamtosha, lakini azipate hali akijua. Wa tatu amechoka na sindano, na anachotaka ni kurudi Lamu akalale sebuleni kwake asikie adhana ya msikiti aliouzoea. Wa nne ni kijana wa miaka ishirini na mitano ambaye yuko tayari kwa kila maumivu, akipewa nafasi moja tu katika ishirini ataishika kwa mikono miwili, na ana haki ya kuishika. Hawa wanne dawa yao ni moja na hesabu yao ni moja, na jawabu zao ni nne. Ndugu anayemchagulia mgonjwa bila ya kumuuliza humchagulia kwa mizani yake yeye mwenyewe, nayo ni mizani ya mtu mzima wa afya ambaye anaogopa kulaumiwa kuwa hakufanya kila kitu.

Na tuseme kweli juu ya lawama hiyo, maana yatenda mengi. Mara nyingi nyumba huuzwa, na mgonjwa husafirishwa hata India, si kwa sababu mtu amepima akaona kuna faida, bali kwa kuwa jamaa hawataki kuambiwa mtaani kwamba walimwacha. Safari hiyo huenda ikawa njema kabisa. Wako waliokwenda wakafaidika. Lakini nyumba ilikuwa ya mgonjwa, na uhai ulikuwa wake, na yeye peke yake ndiye hakuulizwa.

Wenye kuficha wana hoja zao, na insafu yataka tuzitaje. Hoja ya kwanza ni kwamba ajali ya mtu aijua Mwenyezi Mungu peke yake, basi tabibu anayesema "katika mia ni saba" anadai kujua ghaibu. Hoja hii yapendeza masikioni lakini haina msingi. Nahodha anayesema kwamba chombo kikitoka katika kusi kali kina hatari kubwa ya kuvunjika, hakudai kuijua ghaibu. Amesema aliyoyaona kwa vyombo vingi. Hasemi chombo chako wewe kitazama. Wala hakuna mwenye chombo ambaye angemshukuru nahodha wake kwa kumficha habari ya kusi ili asihuzunike. Hesabu ya matabibu ni habari ya waliopita. Juu ya mtu huyu mmoja aliyelala hapa haikusema neno la mwisho, na tabibu mwema hulisema hilo pamoja na hesabu yake. Hata neno lile "nusu walikufa kabla ya miezi saba" lina nusu ya pili ndani yake, nayo ni watu walioishi zaidi, na baadhi yao miaka mingi.

Hoja ya pili ni kwamba khabari itamuua kabla ya maradhi. Hii ndiyo waliyokuwa nayo hata madaktari wa Marekani zamani. Mwaka 1961 waliulizwa madaktari wa huko kama huwaambia wagonjwa wao kuwa wana saratani, na yapata tisa katika kumi wakajibu kwamba hupendelea kutowaambia. Mwaka 1979 liliulizwa suali lile lile, na 97 katika 100 wakajibu kwamba huwaambia. Mtu asidhani kuwa mioyo ya Wamarekani iligeuka chuma katika miaka 18. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba mgonjwa hafi kwa khabari, na kwamba anayefichwa aghalabu hujua: huona macho ya mkewe, husikia minong'ono inayokatika anapoamka, huhisi mwili wake mwenyewe. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Hubaki peke yake na anayoyajua, naye ajifanya hajui ili asiwahuzunishe wale wanaojifanya hayapo.

Na wako ambao kweli hawajui, nao hali yao ni mbaya zaidi. Mwaka 2004 ilitolewa khabari ya wagonjwa wazee wa lukemia ya mailoidi na maradhi ya uboho yaliyo karibu nayo, ambao walikuwa ndio kwanza wanaanza kutibiwa. Waliulizwa waonavyo nafasi yao ya kupona kwa dawa kali. Watu 74 katika kila 100 walidhani nafasi ni nusu kwa nusu au zaidi. Madaktari wao wakaulizwa mbali, na kwa wagonjwa 89 katika kila 100 walikadiria kwamba nafasi ni 10 katika 100 au chini ya hapo. Hao walikuwa bado hawajarejewa! Watu hao walitia saini karatasi za kukubali tiba. Je, walikubali nini? Ridhaa ya mtu juu ya jambo asilolijua si ridhaa, kama vile bei ya bidhaa asiyoiona mnunuzi ina walakini.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapogusa sheria, na wengi hawakulitazama upande huu. Mafakihi hawakuweka hukumu moja kwa kila dawa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake cha Ihya, aligawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu: yaliyo yakini, kama maji kwa mwenye kiu, na yaliyo dhana, ndiyo tiba nyingi za matabibu, na yaliyo wahamu tu. Kuacha la yakini hadi kufa si tawakali, bali ni haramu. Kuacha la dhana si haramu, na kulifanya hakupingani na tawakali. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, kujitibu ni jambo linalopendekezwa, wala si fardhi kwa kila mtu katika kila hali.

Sasa mgonjwa wetu huyu, tiba anayotiwa imo katika fungu lipi? Ikiwa ni ile aina ya promailositi na dawa ni aseniki, tiba yake imeikaribia yakini, na haimfalii kuiacha ovyo. Ikiwa yumo katika lile kundi la wanne kwa mia, imeshuka hadi dhana dhaifu, na amekuwa mtu mwenye hiari mbele ya Mola wake: akitaka avumilie tiba, na akitaka avumilie maradhi. Hatuwezi kuijua hukumu yake, wala yeye hawezi kuijua, bila ya ile hesabu. Anayemficha hesabu amemficha na hukumu ya dini yake. Nasema hivi kwa wale wanaoficha kwa jina la dini.

Tena kuna wasia na madeni na amana za watu. Mafakihi wameyatenga maradhi ya mauti kwa hukumu yake: atakachokitoa mtu kwa hiba katika maradhi hayo hakipiti thuluthi ya mali yake, ili warithi wasidhulumiwe. Sheria basi yamtazama mgonjwa huyu kama mtu aliye mlangoni, na yeye mwenyewe hakuambiwa kuwa yuko mlangoni. Na wanaomficha ni nani? Aghalabu ni wale wale watakaomrithi. Sisemi kuwa wanaficha kwa ajili ya mali. Wengi wao watauza walichonacho ili kumtibu. Lakini shahidi hukataliwa katika jambo linalomvutia manufaa hata akiwa mwadilifu, na hapa watu wenye fungu katika urithi wamejifanya walii wa mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye hakufilisika wala hakurukwa na akili. Mtu mzima hawekewi walii kwa kuwa anaumwa.

Hata huyo ndugu anayeombwa uboho ana haki yake katika jambo hili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya uboho wake kuafikiana kabisa na wa mgonjwa ni moja katika nne. Akiafikiana ataombwa atoe, na kutoa si kitu kikubwa kwa mtu mwenye afya, lakini ni kitu. Naye aambiwe kweli atolee nini, asije akajiona muuaji ikiwa uboho wake haukufaa.

Twakubali jambo moja, nalo ni kubwa. Wako watu ambao hawataki kujua. Mtu mzima akisema kwa ulimi wake, "Mimi nisiambiwe, mwambieni mwanangu mkubwa na yeye ndiye ataamua," hiyo ni wakala, na wakala ni sahihi. Kujua ni haki yake, na mwenye haki aweza kuiacha. Lakini hawezi mtu mwingine kuiacha kwa niaba yake bila ya idhini. Na njia ya kuipata idhini ni nyepesi: kabla ya majibu ya vipimo kurudi, tabibu amuulize mgonjwa, "Bwana, majibu yakija wataka uambiwe yote, au kidogo, au aambiwe mwingine, na ni nani?" Suali hilo moja laondoa fitina zote. Tabibu anayewaita ndugu kando kabla ya kuliuliza ameitoa amana ya mtu akampa asiyekuwa mwenyewe.

Wala kusema kweli si kumtupia mgonjwa hesabu kama jiwe kisha ukaenda zako. Aambiwe aina ya maradhi yake, na amesimama katika kundi lipi, na kwa nini. Aambiwe tofauti ya maradhi kutulia na mtu kupona, maana maneno haya mawili ndiyo yanayowachanganya watu zaidi kuliko yote: dawa yaweza kuwa na nafasi nzuri ya kutuliza, na nafasi ndogo ya kuponya, na faida yake ikawa ni kumfikisha mtu kwenye kupandikizwa uboho, au kumpa miezi ya kukaa na watu wake. Aambiwe siku ngapi atalala hospitali katika siku anazotafuta. Na aambiwe kwamba kuiacha dawa kali si kuachwa. Kuna tiba shufaa, ya kuondoa maumivu na pumzi ya taabu na khofu, nayo ni tiba yenye wataalamu wake. Mwaka 2021 ilitolewa khabari ya wagonjwa 160 wa mailoidi yenye hatari kubwa, wote wakitiwa dawa kali, na waliopata wataalamu wa tiba shufaa pamoja na dawa hiyo walikuwa na hali bora na huzuni chache kuliko wenzao. Basi hata anayeamua kupigana hadi mwisho anastahili tiba hiyo, na asiambiwe kuwa ni ya waliokata tamaa.

Wamebaki wale ndugu wa suali letu, ambao wamekwisha kuficha, na sasa wauliza wafanyeje. Mgonjwa bado ana akili zake, na tiba waliyomchagulia imeanza. Wasimwendee kundi zima wakamlilia, na kumfunulia kila kitu kwa mkupuo. Warudi kwa daktari wamwambie kwamba jamaa wao hakuulizwa, na wamtake aende akae naye bila ya haraka, amuulize anajua nini na anataka kujua nini. Atakachokijibu mgonjwa ndicho kifuatwe. Akitaka yote, apewe yote, pamoja na njia zilizobaki, na ahiyarishwe tena katika tiba ile iliyoanza bila yeye. Na akisema, "Aambiwe mke wangu, mimi msinieleze," basi aitwe mke, na wao ndugu wangoje nje.